Kuchagua na Kuuza Chai Bora ya Majani

Siagizi chai yoyote kwa kutazama picha au kusoma sifa zake. Naomba sampuli, kisha naonja zote kwa kipimo kimoja: gramu 2 za majani kwa mililita 100 za maji yanayochemka, dakika 6, kama ISO 3103, kiwango cha kimataifa cha kuandaa chai ya kuonja, kinavyoelekeza. Ukali huo hufichua kila kasoro. Halafu tazama majani yaliyolowa. Yakifunguka mazima, umepata mali. Yakiwa vumbi na vijiti, achana nayo hata kama bei inavutia.

Anza na aina chache. Nyeusi mbili, ya kijani moja na oolong moja (chai iliyo kati ya nyeusi na ya kijani) zinatosha kabisa. Ya kijani hupoteza ladha upesi, kwa hiyo inunue kidogo kidogo. Weka zote kwenye makopo yasiyopitisha mwanga, mbali na viungo, maana majani hunyonya harufu.

Mteja akishtushwa na bei, mpigie hesabu ya kikombe: gramu 100, kwa gramu 2.5 kila kikombe, ni vikombe 40. Na kila pakiti iandikwe joto la maji, tafadhali. Chai ya kijani hutaka nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi. Ikimwagiwa maji yanayotokota huwa chungu, na mteja atalaumu majani yako.