Drili ya nyundo: kutoboa zege bila kuumia wala kuua mashine

Ukiomba drili ya nyundo dukani unaweza kupewa mashine mbili tofauti kabisa. Moja hufungwa biti kwa ufunguo, kichwa chake hushika shina la mviringo hadi milimita 13, na kugonga kwake hutokana na sahani mbili zenye meno zinazorukiana. Hiyo haigongi mpaka uisukume, na inafaa tofali na lipu. Nyingine ni ya SDS-plus: shina la biti lina unene wa milimita 10 na mifereji, unalisukuma hadi lijifunge lenyewe, na ndani pistoni inabana hewa inayorusha nyundo. Zege ni kazi ya hii ya pili, na ndiyo tunayoieleza hapa.

Mashine ya pistoni haihitaji kifua chako. Ukiiegemea kwa nguvu tundu haliendi kasi zaidi. Biti inapata moto, mota inalemewa, na ikinasa ghafla mwili wako wote uko juu yake. Msukumo wa kutosha ni ule wa kuizuia isirukeruke tu.

Anza na umeme. Drili nyingi zinakuja na plagi ya pini mbili za mviringo, na wengi huzichomeka kwenye soketi zetu za pini tatu kwa kuchokoa tundu la ethi na kijiti au kalamu. Acha kabisa. Plagi hukaa legelege, inacheza kila drili inapotetemeka, inapata moto na kuyeyusha soketi. Badilisha plagi au tumia adapta imara. Waya wa kuongezea wa mita 25 uwe na unene wa milimita za mraba 1.5, na kama umeviringishwa kwenye gurudumu ufungue wote, kwa sababu ukibaki umejikunja unahifadhi joto hadi ganda linalainika. Penye kikatio cha kuvuja umeme cha miliampia 30, pitisha kazi yako hapo.

Kisha usome ukuta. Nyaya huwa zinapanda au kushuka wima kutoka kwenye swichi na soketi, au kwenda mlalo kwa usawa wake. Mabomba hufanya vivyo hivyo kwenye koki. Kaa mbali na mistari hiyo kwa angalau sentimita 15 kila upande, na ukiwa na shaka zima umeme wa chumba hicho na uvute wako kutoka kwingine.

Vaa miwani ya kinga, vizibo vya masikio na barakoa ya daraja la FFP2 au zaidi. Kitambaa hakitoshi: vumbi la zege lina silika, na chembe zake ndogo kabisa hupenya hadi ndani ya mapafu na kuacha makovu yasiyopona. Glavu zilizolegea, mikono mirefu ya shati na shanga ziondoke, zisije zikazungushwa na biti.

Tuseme unafunga fisha, yaani kizibo cha plastiki kinachoshika skrubu ukutani, ya milimita 8 yenye urefu wa milimita 50. Biti iwe ya milimita 8, na tundu liwe na kina cha milimita 60, ili vumbi lipate pa kukaa. Weka alama ya kina kwa kizuizi cha mashine au utepe kwenye biti. Pakaa shina la biti grisi kidogo sana, kama nusu gramu, uliingize, kisha ulivute kuhakikisha limeshika. Kucheza mbele na nyuma kidogo ni kawaida yake. Geuza kibadilishio kwenye alama ya biti na nyundo mashine ikiwa imesimama, la sivyo utakata meno ya gia. Hakikisha inazunguka kwenda mbele.

Funga mpini wa pembeni. Ndio unaookoa kifundo cha mkono biti inaponasa, kwa maana hapo biti husimama na mashine ndiyo inayotaka kuzunguka. Kwa sababu hiyo pia usibonyeze kitufe cha kufungia swichi, wala usitoboe ukiwa juu ya ngazi ya kuegemeza. Simama miguu ikiwa imeachana, anza polepole hadi biti ijichimbie shimo, kisha ongeza mwendo. Kila sentimita mbili vuta biti nje ikiwa bado inazunguka, itoe vumbi. Mwisho safisha tundu kwa pampu ndogo. Fisha iliyokaa juu ya vumbi inazunguka na skrubu.

Vumbi likikoma na sauti ikawa kali ya chuma, umefika kwenye nondo. Simama. Ncha ya biti, ambayo ni ya kabidi (metali ngumu sana), huvunjika hapo. Sogeza tundu sentimita tatu. Nondo ya nguzo au boriti haikatwi kwa ajili ya skrubu. Biti iliyowaka usiitumbukize majini, ncha itapasuka. Kwenye tofali la matundu na vigae zima nyundo, uzungushe tu.

Baada ya kazi chomoa plagi, futa shina, puliza matundu ya hewa. Mota ikiwa moto, kwanza iendeshe bila mzigo dakika mbili, kwani feni yake huzunguka pamoja nayo.

Kaboni, vile vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, zikague mara kwa mara. Zikibaki milimita 5 au zikifika mstari wa kikomo, badilisha zote mbili za saizi ileile, hata kama moja inaonekana nzima. Cheche ndogo ni kawaida. Duara la moto kuzunguka shaba ya amecha, yaani hiyo sehemu inayozunguka, si kawaida, mpelekee fundi.

Ikizunguka bila kugonga asubuhi ya baridi, kama ya Njombe au Limuru, grisi imeganda: iendeshe bila mzigo dakika chache. Ikigonga kwa unyonge hata ikiwa moto, ringi za mpira za pistoni zimelika. Usijaze grisi ovyo kwenye gia, ikizidi nayo inaua nguvu ya kugonga. Pwani, ihifadhi kwenye sanduku lake juu ya rafu, si sakafuni, biti zikiwa zimepakwa mafuta dhidi ya chumvi.