Penang hadi Medan: kupima umbali na muda wa ndege mwenyewe

Usishangae tikiti ya Penang, Malaysia, kwenda Medan, Indonesia, ikisema ndege inaondoka 10:00 na kutua 10:00. Haijakosewa. Kila saa kwenye tikiti ni ya mji husika, na Medan iko nyuma ya Penang kwa saa moja. Wakala wa Lamu au Malindi anayempangia mteja safari na ampimie mwenyewe kwanza.

Anza na umbali. Nahodha yeyote wa Lamu anajua kwamba dakika moja ya latitudo ni maili moja ya bahari, yaani kilomita 1.852. Pima kiwanja kwa kiwanja, si mji kwa mji. Penang (PEN) iko latitudo 5.30 Kaskazini, longitudo 100.28 Mashariki. Kualanamu (KNO), kiwanja cha Medan, ni 3.64 na 98.89. Toa: unabaki na 1.66 na 1.39. Hizo ni digrii, na digrii moja ina dakika 60, kwa hiyo zidisha kila moja kwa 60, upate maili 99.6 na 83.4. Zidisha kila jibu kwa lenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili: maili 130, kama kilomita 240.

Njia hii inafaa safari fupi karibu na ikweta. Kwenye latitudo ya Hanoi, tofauti ya longitudo lazima uizidishe kwanza kwa 0.93, la sivyo umbali utavimba. Na Singapore hadi Jakarta unavuka ikweta, kwa hiyo latitudo zinajumlishwa, hazitolewi. Hapo ndipo wengi huanguka.

Muda sasa. Jeti kama Airbus A320 hukata kama kilomita 830 kwa saa. ATR 72 ya mapangaboi, kama 500. Gawanya: dakika 17 kwa jeti, 29 kwa ATR. Ukiishia hapo umejidanganya, kwa sababu ndege hutambaa ardhini, hupanda taratibu, hupunguza mwendo ikishuka na huzunguka kujipanga na njia ya kutua. Ongeza nusu saa. Jeti inakuwa dakika 47, ATR 59. Tofauti ni dakika 12 tu. Kwa masafa haya sioni sababu ya kulipa zaidi kwa ajili ya jeti.

Kuhakiki tikiti, geuza kila kitu kiwe saa ya Kenya: Penang toa 5, Medan toa 4. Ile 10:00 ya Penang ni 05:00 huku kwetu, saa kumi na moja alfajiri. 10:00 ya Medan ni 06:00, saa kumi na mbili. Kumbe safari ni saa moja. Kurudi, ukiondoka Medan 10:00 unatua Penang 12:00. Mteja mwandikie saa kwa njia zote mbili, ya tikiti na ya Kiswahili, maana 14:30 ni saa nane na nusu mchana, na anayesoma haraka atasema saa mbili.

Mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa kwamba safari ya ndege huanza kabla ya kiwanja. Boti ya kwenda kiwanjani Manda imeshamfunza. Kualanamu iko nje ya mji wa Medan, na treni inakwenda hadi mjini. Ramani za kabla ya 2013 huonyesha Polonia, kiwanja cha zamani kilichokuwa ndani ya mji, kwa hiyo hakikisha tikiti imeandikwa KNO kabla ya kumwekea mteja hoteli na usafiri wa kumpokea.