Jinsi ya kumtambua lochi uliyeuziwa na kumfuga vizuri kwenye tangi la nyumbani

Nimetoka kumsaidia jirani kupanga tangi lake na maswali aliyoniuliza ni yaleyale naulizwa kila mara, kwa hiyo nayaandika hapa yote. Lochi ni samaki wa chini mwenye sharubu, asili yake hasa ni Asia, na Ulaya wapo pia. Mito yetu ya Tanzania na Kenya haina lochi wa asili, wa karibu na sisi ni wale wa Ethiopia, Ziwa Tana na bonde la Omo, na hao hutawaona dukani. Maana yake lochi unayemkuta Dar au Nairobi, yeye au wazazi wake wametoka mbali sana, na mara nyingi anafika amechoka na ana minyoo tumboni.

Hatua ya 1: Mjue ni nani

Hapa ndo watu wanapotea, na hapa ndo naomba utulie. Kuna lochi anaishia sentimita 6 na kuna anayefika 30, na wakiwa wadogo dukani wote wanalingana na kidole. Jina la dukani usilitegemee, utaambiwa "msafisha tangi" au "lochi wa mistari" na hilo linaweza kuwa samaki kumi tofauti.

Mtie kwenye chombo cha kioo au plastiki angavu chenye maji ya tangi lake, piga picha kwa ubavu, halafu moja ya kichwa kwa karibu. Muache atulie kwanza maana akiwa na hofu rangi zinafifia, na yule lochi wa chungwa (Chromobotia, nitamtaja hapa chini) anageuka kijivu kabisa hata wakigombana tu wenyewe kwa wenyewe. Ndo maana rangi naiangalia mwisho, watu wengi wanaanza nayo na wanakosea.

Anza na mdomo. Lochi ana sharubu, jozi tatu au zaidi, zinaonekana ukikaza macho. Kama hana sharubu na mdomo wake ni kikombe kinachonata kwenye kioo, huyo ni Gyrinocheilus, sio lochi ingawa anauzwa kama lochi. Mdogo anakula mwani vizuri sana, akikua ni mkorofi, anafika zaidi ya sentimita 25 na anawanyonya ute samaki wenzake wenye mwili mpana. Mimi simuweki na mtu. Usimchanganye na Sewellia au Beaufortia, wale bapa wanaogandia kwenye mawe. Hao ni lochi kweli ila ni wa vijito vya maji ya kasi yenye baridi na hewa nyingi. Joto la Dar linawaua taratibu, kwa hiyo waachie watu wa Njombe na Limuru.

Kisha angalia chini ya jicho. Lochi wengi wa madukani wana mwiba pale, umelala kwenye kijimfereji, wakishtuka unasimama na kujifunga hapohapo. Unachoma mkono, unatoboa mfuko, na unanasa kwenye wavu. Akinasa usivute! Kata wavu kwa mkasi, wavu ni hela kidogo tu.

Halafu umbo. Mwembamba kama mnyoo, anajizika mchangani: huyo ni Pangio. Wengi wanaitwa kuhli lakini kuhli halisi wa Java ni adimu sokoni, anayeuzwa mara nyingi ni Pangio semicincta, mwenye mabaka meusi mgongoni ambayo hayazunguki tumbo. Wa kahawia mtupu bila mabaka ni Pangio oblonga. Matunzo ni yaleyale na wanakaa pamoja bila shida. Mrefu kama huyo lakini mnene, sharubu jozi tano, madoadoa kahawia, huyo ni Misgurnus wa China na Japani. Anapanda juu kumeza hewa na kuifyonza kwa utumbo, hilo ni kawaida yake, usidhani anakufa. Naye anapenda maji ya baridi.

Wenye kifua na mdomo wa kuchongoka ndo kundi la Botia na ndugu zake, na hapa sasa rangi inasaidia. Wa chungwa mwenye mikanda mitatu myeusi, wa kwanza unapita kwenye jicho, ni Chromobotia macracanthus wa Sumatra na Borneo. Huyo ndo wa sentimita 30, na anaishi miaka 20 na zaidi. Mwenye michoro kama herufi Y na O ubavuni ni Botia almorhae wa India na Nepal, ila michoro inabadilika akikua, herufi zinavunjika, na anaanza kufanana na Botia kubotai wa Myanmar, kwa hiyo picha ya mtoto usiilinganishe na picha ya mkubwa. Mwenye mstari mweusi mmoja tu unaopita mgongoni kuanzia puani hadi mkiani ni Yasuhikotakia morleti. Mdogo tu huyo lakini anang'ata mapezi ya wenzie, sikushauri. Wa kijivu cha bluu mwenye mapezi mekundu ni Yasuhikotakia modesta, na ukimkuta ana zambarau au kijani cha kung'aa mwili mzima ujue amepakwa rangi, usimnunue, utakuwa unalipia ukatili.

Kama nafasi yako ni ndogo na una bahati ya kumpata, chukua Ambastaia sidthimunki, ana mchoro wa ngazi ubavuni na anaishia sentimita 6 hivi. Uliza kama ni wa kufugwa, porini kwao Thailand amebaki mchache sana.

Hatua ya 2: Tangi

Pangio sita, lita 80. Botia wa kati, lita 200 kwenda juu. Wa chungwa wakikua wanataka tangi la karibu mita 2, kama huna usianze. Wote wanunue watano au sita, mmoja peke yake anajificha mpaka anakonda. Mfuniko lazima, tundu la waya wa hita lizibe kwa sponji.

Hatua ya 3: Chini na filta

Mchanga laini. Changarawe zenye ncha zinakata sharubu, na kwa hili sibishani na mtu. Filta ya sponji naipenda kuliko zote, maana Pangio wanaingia kwenye bomba la filta za kuning'inia, na umeme ukikatika pampu ndogo ya betri inaiendesha.

Hatua ya 4: Karantini na dawa

Wiki nne tangi la pembeni, maji nyuzi 28, isipokuwa wale wa maji ya baridi niliowataja, hao joto hili na la chini hapa usiwape. Lochi ana magamba madogo mno kwa hiyo ugonjwa wa madoa meupe (ich) unamuwahi kabla ya samaki wengine. Pandisha mpaka nyuzi 30 polepole, ongeza hewa, na dawa ya malakaiti (malachite green) weka nusu dozi, toa mkaa kwenye filta kwanza. Usiache siku madoa yakipotea, dawa inaua kimelea kikiwa kinaogelea tu, waliobaki wamejifunika chini.

Akila vizuri lakini mgongo unachongoka, mara nyingi ni minyoo. Levamisole ya duka la dawa za mifugo inafanya kazi, miligramu 2 kwa lita, pigia hesabu ya levamisole yenyewe sio unga mzima. Soma lebo mpaka mwisho! Nyingi zimechanganywa na oxyclozanide, dawa nyingine ya minyoo ya mifugo, hiyo rudisha, tafuta ya peke yake. Zima taa saa 24, badilisha nusu ya maji, nyonya uchafu wa chini, rudia baada ya wiki tatu.

Hatua ya 5: Chakula

Vidonge vya kuzama, minyoo ya kugandishwa, tango. Wape taa zikishazimwa. Konokono wanakula, ila usinunue samaki wa sentimita 30 kwa sababu ya konokono.

Hatua ya 6: Kuwakamata

Wavu achana nao. Laza kipande cha bomba la plastiki chini jioni, tia chakula ndani, asubuhi wamo. Ziba pande mbili kwa viganja, inua na maji yake. Lochi akilala ubavu humo ndani usiogope, wa chungwa hasa wanalala hivyo, gusa bomba kidogo ataamka.