Kabla Hujaanza Kufanyia Kazi Nyumbani

Wengi wakiruhusiwa kufanyia kazi nyumbani hukimbilia kutafuta meza. Nami nilianza na meza, na wiki haijaisha nikaona kilichonishinda si meza wala intaneti. Hakuna aliyejua ni saa ngapi niko kazini, hata mimi mwenyewe.

Kwa hiyo tangulia kuzungumza na unaoishi nao, tena kabla ya siku ya kwanza, msingoje mkosane. Anayekuona umekaa sebuleni na kompyuta mapajani haoni kazi. Anaona mtu yupo nyumbani, basi ampokee mgeni, ashike mtoto, aangalie chungu kisiungue. Usimlaumu, mweleze saa zako na mkubaliane alama. Kwetu alama ni hedifoni: zikiwa masikioni siitwi ila kwa dharura. Siku ya pili mtoto wa miaka minne akanivuta shati katikati ya kikao kunipa taarifa ya dharura: paka amelala. Kumbe dharura nayo inataka mifano. Moshi, damu, mgeni tusiyemjua, hapo niite.

Sasa hiyo meza. Tatizo la kompyuta mpakato ni kwamba skrini na kibodi vimeshikana, kwa hiyo mikono ikikaa vizuri shingo inainama, na shingo ikinyooka mabega yanapanda. Iinue kwa vitabu mpaka ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho, iwe mbali nawe kama urefu wa mkono, kisha tumia kibodi na kipanya vya pembeni. Viwiko vikunjike kama digrii 90, nyayo zikanyage sakafu. Dirisha liwe ubavuni. Likiwa nyuma yako, kwenye kamera utaonekana kivuli tu, na mwanga utagonga skrini. Macho pia yapangie: kila dakika 20, tazama kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20, maana tukikodolea skrini tunapepesa macho mara chache na yanakauka.

Intaneti ipime siku mbili tatu kabla, saa zilezile utakazofanya kazi. Usiangalie kasi ya kupakua peke yake. Ya kupakia ndiyo inayobeba sura na sauti yako kwenye kikao. Simu yenye chaji na bando iwe karibu, basi.

Kuhusu ratiba, utasikia sana habari ya dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika. Njia hiyo ni ya Mwitaliano Francesco Cirillo, aliyeianza mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi, kwa kipima muda cha jikoni chenye umbo la nyanya. Mimi naiona inafaa kwa kazi unazozikwepa. Kazi ya kuzama, kama kuandika ripoti ndefu, dakika 25 zinakukata ndiyo kwanza umekolea.

Kigumu zaidi ni kumaliza. Ofisini kuna taa zinazozimwa na wenzako wanaoaga. Nyumbani unashtukia saa nne usiku bado unajibu barua pepe. Ufaransa ililiona hilo ikaliingiza kwenye sheria: tangu tarehe 1 Januari 2017, kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zinatakiwa kujadiliana nao kuhusu haki ya kutoshika vifaa vya kazi nje ya saa za kazi. Usipokuwa na sheria ya namna hiyo, jitungie. Mimi naandika kwenye karatasi kazi ya kwanza ya kesho, nazima kompyuta, naitia droo. Kuiacha mezani imefunikwa tu hakusaidii, nimejaribu.

Na kabla ya yote hayo kuanza, muulize bosi wako: ujumbe ukitumwa saa mbili usiku, jibu linatarajiwa lini? Akujibu kwa maandishi.