Namna ya Kuanzisha Jarida la Wapenzi wa Bunilizi ya Kisayansi Dodoma

Vijana wa Uingereza waliopenda bunilizi ya kisayansi, yaani hadithi za kubuni zinazojengwa juu ya sayansi, hawakusubiri mchapishaji: wale wa mji wa Nuneaton walianzisha jarida lao mwaka 1936, na tarehe 3 Januari 1937 wapenzi wachache, Arthur C. Clarke, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri wa hadithi hizo, akiwa miongoni mwao, walikutana katika mji wa Leeds. Kijana wa Dodoma anaweza kupita njia hiyo hiyo.

Chukua karatasi 4 za A4 zilizokunjwa katikati, zikupe kurasa 16. Kabla ya kwenda steshenari, tengeneza kielelezo kwa karatasi tupu na kuandika namba kila upande, kwa sababu ukurasa wa 1 hukaa ubavuni mwa ule wa 16, na asiyezingatia hilo hulipia nakala zisizosomeka. Shona mkunjo kwa sindano na uzi, kwa kuwa stepla ya kawaida haifiki katikati.

Barua za wasomaji zipe nafasi kubwa kuliko hadithi. Kwa maoni yangu, mabishano ya kwenye barua ndiyo yaliyowaunganisha vijana wale wa Uingereza waliotawanyika. Nakala za Singida na Kondoa zipeleke stendi zisafiri na basi kama kifurushi, namba ya simu ya mpokeaji ikiwa imeandikwa juu ya bahasha.