Jinsi ya kupata mediani na kuielewa: mfano wa magunia ya mahindi

Tuseme umetumwa kijiji kimoja cha Kongwa, Dodoma, kukusanya takwimu za mavuno. Kaya 9 zimekupa idadi hii ya magunia ya mahindi (namba ni za mfano): 5, 8, 4, 48, 3, 6, 5, 7, 4.

Jumla ni 90, kwa hiyo wastani ni 10. Sasa waambie wanakijiji kwamba mkulima wa pale huvuna magunia 10, uone watakavyokutazama: kaya 8 kati ya 9 hazijafika huko. Mwenye trekta, yule wa magunia 48, kawabeba wote. Ndipo tunapohitaji mediani, yaani namba inayokaa katikati zikishapangwa.

Hatua ya 1: Panga kuanzia ndogo. 3, 4, 4, 5, 5, 6, 7, 8, 48. Namba inayojirudia iandike kila inapotokea.

Hatua ya 2: Chukua ya katikati. Hapa ni ya tano, yaani magunia 5. Hiyo ndiyo mediani. Kaya zikiwa 10, na hiyo ya kumi ina magunia 6, utachukua mbili za katikati, 5 na 6, uzijumlishe na kugawa kwa 2: 5.5.

Kwenye Excel, kama namba ziko visanduku B2 hadi B10, ni =MEDIAN(B2:B10), wala huhitaji kupanga. Ila angalia sifuri! Kisanduku kitupu hakihesabiwi, 0 inahesabiwa. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua. Ikikatika mapema, wapo wanaotoka shambani mikono mitupu. Ukiwaachia kisanduku kitupu umewafuta. Ongeza kaya 3 zenye 0 kwenye zile 9 za mwanzo, na mediani inashuka hadi 4.5.

Hatua ya 3: Isome. Angalau nusu ya kaya zimepata magunia 5 au pungufu. Mwenye 48 hata angevuna 480, mediani ingebaki 5. Ndiyo maana naiamini kwa kueleza hali ya mkulima wa kawaida, lakini peke yake haisemi tofauti ni kubwa kiasi gani. Tafuta pia mediani ya namba 4 za chini (4) na ya 4 za juu (7.5), uziandike pembeni yake.

Usiitumie mediani kukodi lori la kwenda soko la Kibaigwa. 5 mara 9 ni 45, na mzigo wenyewe ni magunia 90. Hapo unahitaji ule wastani wa 10.