Somo: Gari likikaa miezi mingi, matairi yasiingie bapa

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, kwa hiyo naliandika kwa kirefu leo ili atakayeuliza tena aelekezwe hapa. Hapa Tabora wengi wetu huacha magari nyumbani kwa muda mrefu, mmoja yuko masomoni, mwingine kikazi Dar es Salaam, na wanaporudi hukuta usukani unatetemeka hata kwenye lami iliyonyooka. Chanzo chake ni kwamba uzito wa gari hukandamiza sehemu ileile ya tairi, yenye upana unaokaribia kiganja cha mkono, usiku na mchana, hadi mpira na nyuzi zilizo ndani yake zinazoea umbo la bapa.

Hatua ya kwanza: Osha matairi kwa maji na sabuni, yakauke. Usipake mafuta ya aina yoyote.

Hatua ya pili: Egesha kivulini, mahali pakavu. Kivuli cha mwembe kinafaa wakati wa kiangazi, ingawa maembe yakianza kuanguka boneti halitakuwa salama. Kama ni juu ya udongo, laza kipande cha ubao mnene wa mninga chini ya kila tairi kabla ya mvua za Novemba.

Hatua ya tatu ni upepo, na hapa ndipo mimi mwenyewe nilipokosea. Kabla ya kuondoka kwa miezi saba, nilirudi mchana kutoka Nzega, nikapitia kwa fundi pancha, nikajaza hadi geji ikasoma psi 40 (psi ni kipimo cha presha ya upepo), nikaegesha na kuondoka kesho yake. Mambo mawili sikuyazingatia. Tairi lililotoka safari lina joto, na hewa yenye joto husoma juu: joto likishuka kwa nyuzi 10 tu, presha hupungua kwa psi 1 hadi 2, na tairi la safari hupoa zaidi ya hapo. Kisha valvu ya tairi la nyuma kushoto ilikuwa ikivuja kidogo sana, kiasi ambacho anayeendesha kila siku na kuongeza upepo mara kwa mara hawezi kukigundua. Niliporudi nilikuta tairi limelalia rimu, ubavu umekunjika na kuota nyufa nyembamba mahali pa mkunjo. Nililijaza, nikaendesha hadi Urambo nikiamini litajinyoosha njiani, lakini halikujinyoosha, na fundi alipolitoa alinionyesha vumbi jeusi la mpira uliosagika kwa ndani. Meno yake yalikuwa bado mazima, ila tairi lilitupwa. Msifanye kama nilivyofanya, kwa sababu tairi lililokunjika namna ile linaweza kupasuka ghafla mkiwa katika mwendo.

Pima asubuhi, kabla gari halijatembea. Tazama kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kikisema 32, jaza hadi 40 hivi, bila kuvuka kiwango cha juu kilichochapwa ubavuni mwa tairi lenyewe. Baada ya hapo paka povu la sabuni kwenye mdomo wa valvu, inama karibu, usubiri dakika nzima. Ukiona kipovu kidogo kama punje ya ulezi kinavimba polepole, kinapasuka, na kingine kinaanza palepale, badilisha valvu hiyo kabla hujaondoka. Rudisha vifuniko vya valvu. Siku utakayorudi, punguza upepo hadi kiwango cha kawaida kabla ya kuingia barabarani.

Hatua ya nne: Usivute breki ya mkono, kwa maana wakati wa mvua breki hugandana kwa kutu. Weka gia, kisha zuia magurudumu kwa mawe mbele na nyuma.

Hatua ya tano: Kila baada ya wiki mbili, unayemwachia nyumba asogeze gari kiasi cha robo mzunguko wa gurudumu, yaani kama nusu mita. Piga mstari wa chaki ubavuni mwa tairi, mahali panapogusa ardhi, ili ajue pamehama. Kama hakuna mtu wa kusogeza, linyanyue juu ya stendi za chuma zilizowekwa chini ya ekseli au mikono ya springi, ili springi zisining'inie kwa miezi.

MASWALI

– Mkuu, kwa hiyo nishushe upepo ili tairi likae laini?

Hapana. Soma hatua ya tatu yote.

– Stendi ni ghali. Matofali hayafai?

Nimeandika stendi za chuma, na nilikusudia hivyo. Tofali la kuchoma hupasuka bila kutoa dalili, na mtoto anaweza kuwa uvunguni.

– Shikamoo mwalimu. Niko Ujiji, gari la baba limekaa miezi minne na sasa linatetemeka. Nitajuaje kama bapa ni la muda au la kudumu?

Marahaba, mwanangu, umeuliza vizuri. Kwanza kagua nyufa na upime upepo tairi likiwa baridi. Kama ni zima, endesha kwa mwendo wa wastani dakika 20 hadi 30. Bapa la muda hupungua kadiri mpira na nyuzi za naironi zinavyopata joto, ndiyo maana magari mengine hutetemeka asubuhi tu. Likiendelea baada ya hapo, usikimbilie balansi, kwa kuwa vipande vya risasi husawazisha uzito na haviwezi kurudisha umbo. Tairi libadilishwe.

– Umesahau panya. Walikula nyaya zangu zote.

Ni kweli, ahsante. Usiache chakula ndani ya gari, na utoe waya hasi wa betri.

– Nilinunua matairi nikaambiwa ni mapya, mbona yana nyufa?

Tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Chungulia na upande wa ndani, kwa sababu mara nyingi tarehe huchapwa ubavu mmoja tu.